Maili za Hafidha

Watu wa hapa mjini wakimtaja Hafidha husema "yule dada wa ndege," na mimi hukereka, maana ndege hana. Ana meza, kompyuta, printa inayokwama kila wiki, na kiti kimoja cha mteja. Upande wa pili wa chumba hichohicho nipo mimi, Hamza, na mashine yangu ya fotokopi na kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasipoti. Tunachangia pango la Mzee Mahendra mwaka wa kumi na mbili sasa, na feni tunachangia pia, ingawa hugeukia kwake zaidi. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Niliyaona nikiwa hatua tano kutoka kwake, nikijifanya nasubiri mashine ipate moto.

Hafidha ni wa Mkuyuni, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye sauti ya chini na ubishi mwingi. Mteja akiingia hamwulizi kwanza anaenda wapi. Humwuliza, "Nani anakusubiri huko?" Halafu humwuliza, "Na ukichelewa siku tatu itakuwaje?" Kuna wanaoudhika, wanaona wanahojiwa kama wako polisi. Lakini kwa majibu hayo mawili ndipo anapojua amkatie tiketi gani. Anayekwenda kutembea tu humpa ile rahisi kabisa. Anayekwenda hospitali humnyima ile rahisi hata alie machozi, kwa sababu siku ya kurudi anaijua daktari, na tiketi rahisi haibadilishwi tarehe.

Nimemsikia akieleza habari ya herufi mpaka ningeweza kukaa kwenye kiti chake nikaieleza mimi. Viti vyote vya nyuma ya pazia, daraja la kawaida, ni sawa, kitambaa kimoja, chakula kimoja. Lakini shirika huvigawa kwa herufi, hata kumi na zaidi, na kila shirika lina mpangilio wake. Herufi inasema umelipa kiasi gani na umekubali masharti gani. Wa herufi ya chini kalipa kidogo, habadili tarehe, akighairi hapati kitu, na maili, yaani pointi za safari anazowekewa kwenye kadi yake, ni robo tu, au hawekewi kabisa. Wa herufi ya juu amekaa pembeni yake, magoti yao yanagusana, lakini yeye anabadili anavyotaka, na akiwa na maili za kutosha anaweza kuomba apandishwe daraja, avuke pazia aende kukaa mbele.

"Kwa hiyo huyu na huyu wamekaa pamoja na hawako pamoja," mzee mmoja alimwambia.

"Hapo umenielewa kuliko wote wa leo," Hafidha akamjibu.

Sasa nieleze maili zake mwenyewe, maana ndizo zilizotuletea mambo. Mara mbili kwa mwaka, ukiacha kipindi cha korona, Hafidha huongoza kikundi cha Umra kutoka Morogoro. Yeye ndiye mwenye kibendera cha kijani, ndiye mwenye mfuko wa pasipoti za watu wote, ndiye anayehesabu vichwa uwanja wa ndege na kuwatafuta waliopotelea msalani. Hukaa nyuma kabisa na watu wake. Safari moja humpatia maili chache, kwa kuwa nauli za vikundi ni za herufi za chini, lakini kwa miaka kumi na moja zilifika sabini na mbili elfu. Kila safari ilizipa uhai mpya, hazikuisha muda.

Na alizitaka kwa jambo moja. Alitaka kusafiri Januari, peke yake, bila kibendera, akae mbele ya pazia. Miaka yote ameuza viti vile, ameeleza watu kitufe gani kinalaza kiti na blanketi liko wapi, na yeye ameviona kwa kuvipita tu wakati wa kwenda nyuma. Alishachagua kiti, cha tatu kushoto, dirishani. Chakula alishakichagua kwenye mtandao wa shirika. Nilimtania kwamba hata ndoto zake zimeshapata pasi ya kupandia ndege, akanirushia kifutio.

Mwanzoni mwa Oktoba aliingia Yunusi. Yunusi ni wa Nyandira, kule Mgeta, ananunua kabichi na karoti kwa wakulima na kuzishusha Dar kwa fuso. Ni mtu mwema lakini ukimpa salamu ataomba umpunguzie. Mama yake, Bi Yustina, alikuwa amepata viza ya Ujerumani. Huko yuko Happiness, kitinda mimba wao, muuguzi. Mimba zake mbili za kwanza zilimtoka. Hii ya tatu ilikuwa ya mapacha, madaktari wamepanga kumpasua tarehe ishirini Novemba, mumewe ni baharia na hatakuwepo mpaka Januari. Happiness hakuomba pesa wala kitu kingine, aliomba mama yake tu.

"Na akichelewa siku tatu?" Hafidha akauliza.

"Atamkuta mwenzie ameshapasuliwa, yuko peke yake na watoto wawili."

"Basi sikiliza, Yunusi. Leo kuna kiti cha herufi nzuri. Tarehe inabadilika. Na kwa sababu ya ule mguu wa mama, kuna safu ya kwanza nyuma ya pazia, mbele yake hakuna kiti. Iko wazi. Nunua leo."

Mguu wenyewe ni huu: miaka ishirini na mbili iliyopita Bi Yustina aliteleza kwenye njia ya kuteremkia shambani, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo goti la kulia halikunjiki. Linakaa limenyooka.

Yunusi aliuliza bei, akatikisa kichwa. "Dada, mimi nipo sokoni tangu nina miaka kumi na tano. Nyanya asubuhi ina bei, saa kumi na moja jioni haina bei. Mwenye nyanya anaogopa kurudi nazo. Sasa kiti hiki ndege ikiruka kitupu kimeoza, kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi nangoja jioni."

Hafidha hakumcheka. Alimwambia polepole, "Kuoza kinaoza. Ila sokoni jioni anayebaki ni mnunuzi asiye na haraka, kama wewe. Kwenye ndege anayekuja jioni ni mwenye msiba, mwenye mgonjwa, mwenye mkutano kesho yake. Wanajua atalipa tu. Wanaotaka rahisi walishakuja asubuhi wakamaliza."

Yunusi alicheka yeye. Aliona anafanyiwa biashara. Akawa anapita kila Jumanne na Ijumaa fuso likishuka, anachungulia mlangoni, "Imeshuka?" na Hafidha anamjibu, "Imepanda." Herufi zilikuwa zinafungwa moja baada ya moja, na kila iliyofungwa ilimwachia iliyo ghali zaidi. Mimi nilitamani kumshika shingo. Jamaa anajua kusoma kabichi kwa kuipiga kofi, lakini jambo lililo jipya kwake hataki kulisoma.

Siku kumi na mbili kabla ya safari aliingia kifua mbele, simu mkononi. Alikuwa amenunua tiketi kwa muuzaji wa mtandaoni, kwenda na kurudi, bei karibu nusu ya ile ya Hafidha. "Nilikwambia," akasema. "Jioni."

Hafidha aliisoma, akaisoma tena. Shirika lilikuwa lilelile lake la Umra, lakini lilikuwa limetoa viti vichache vya ofa, herufi ya chini kuliko zote. Kiti cha katikati, safu ya thelathini na nane. Haibadilishwi, hairejeshwi, haipandishwi daraja kwa fedha wala kwa maili.

"Ile safu ya mbele?" Yunusi akauliza.

Hafidha alipiga simu, akaongea Kiingereza chake cha kazini dakika ishirini. Safu ile ilikuwa imeshatolewa kwa wenye watoto wachanga, ndipo vinapofungwa vitanda vyao. Wangemletea mama kiti cha magurudumu uwanjani, hilo ni bure, lakini ndani ya ndege hawakuwa na mahali.

"Aa, mtaona," Yunusi akasema. "Mama ni mtu mzima. Wakimwona na mguu ule watamsogeza mbele. Kwetu hakuna mzee anayekaa nyuma ya fuso, hukaa mbele na dereva bila kuuliza mtu."

Nilitaka kucheka, kisha sikutaka. Alikuwa anasema kweli ya kwao. Barabara ile ya Mgeta ina mashimo ya kumeza tairi, lakini sijawahi kumwona kijana wa kule amekaa mbele mzee yuko nyuma.

"Huko mbele kuna pazia, Yunusi," Hafidha akamwambia. "Wasichana wale wahudumu wana huruma, lakini wana orodha ya majina mkononi."

Siku ya tatu yake Bi Yustina alishuka mwenyewe kuja kutoa kopi za bima na barua ya mwaliko. Alishushwa kutoka kwenye kabini ya fuso na watu wawili. Mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani, rozari shingoni, na ana cheko la haraka.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Samahani kwa huu mguu, una kiburi, hauinami kwa mtu."

Akakaa, na mguu ukavuka nusu ya chumba. Mteja wangu mmoja ilibidi auruke. Nikatoa kopi zake. Hafidha alikuwa anautazama ule mguu, kisha akasimama, akachukua rula yangu ya kukatia picha, akapima kutoka mgongo wa kiti cha Bi Yustina kuja mbele. Sentimita sabini na tisa. Hapo akaweka kiti changu, mgongo ukimwelekea mama.

"Mama, nisamehe. Ndivyo itakavyokuwa. Jaribu kukaa."

Bi Yustina alijaribu. Alikaa upande, mguu ukagonga kiti changu. Akajiinua, akajigeuza, akautoa upande, akaonyeshwa kwamba huku atakuwa amekaa mtu, na huku pia mtu. Mwishowe alijibana kwa kuegemea nyonga moja. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Yunusi alikuwa ameshikilia mlango.

"Ni kwa muda wa saa ngapi?" mama akauliza.

"Sita. Mnashuka, mnabadili ndege, halafu saba nyingine."

"Nitavumilia."

Akawa bado amekaa vile, naona anajipima mwenyewe. Baadaye akasema, safari hii bila cheko, "Lakini nikifika siwezi kusimama, mwanangu, nitamsaidia nini Happiness? Nitakuwa mgonjwa wa pili ndani ya nyumba."

Hafidha akaondoa kiti changu. Aliwaambia waende wakanywe chai, warudi baada ya saa moja. Walipotoka, alikaa mbele ya kompyuta, na mimi najua rangi za kurasa zake zote. Alifungua ule wa maili.

"Usifanye hivyo," nikasema.

"Sijafanya kitu."

"Hafidha, mimi si mtoto. Mtu alionywa. Alionywa hapa hapa, mara sita, akakuona mwongo. Sasa wewe ndiye unayelipa ujanja wake?"

"Aliyeonywa ni Yunusi. Anayepanda ni mama yake."

Nilikasirika kweli. Nikamwambia maneno ambayo sasa nayaonea haya, kwamba watu wa namna yake ndio hufa bila kitu, kwamba mwakani hata jina lake hawatalikumbuka, kwamba miaka kumi na moja ya kuhesabu vichwa vya watu si kitu cha kumwaga kwenye goti la mtu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza kazi, kama vile naanza leo. Tiketi ya ofa haipandishwi, kwa hiyo maili zake hazingeweza kuisogeza hata safu moja. Na mama akiikata nusu, akaacha kwenda nayo ila akataka kurudi nayo, haiwezekani, ukikosa safari ya kwanza mfumo unafuta na ya kurudi. Ile tiketi ilikuwa imeshakufa yote. Njia ni moja: kumkatia tiketi mpya ya maili tupu, kwenda tu, mbele ya pazia. Sitini na tano elfu. Mwenye maili anaruhusiwa kumkatia mtu mwingine, mradi jina liwe sawasawa na pasipoti. Ya kurudi, Happiness angemkatia mwenyewe huko, ana miezi mitatu ya kujipanga.

"Zilikuwa zako," nikasema.

"Bado ni zangu. Ndiyo maana naweza kuzitoa."

Aliangalia kile kiti cha tatu kushoto. Kilikuwa wazi. Mkono ulikaa juu ya kipanya muda mrefu, na nakiri niliomba umeme ukatike. Haukukatika.

Waliporudi aliwaeleza. Yunusi aliketi chini sakafuni, mtu mzima na koti lake, akaficha uso. Alitakiwa kulipa kodi na tozo za uwanja tu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba apunguziwe. Bi Yustina aliuliza maili ni nini. Hafidha akamwambia ni mwendo aliotembea zamani, shirika limemwandikia. Mama akafikiri, akauliza, "Sasa mwendo wako nautembea mimi, wewe utabaki na nini?"

"Utakuja kunisimulia," Hafidha akasema. "Hilo ndilo nalitaka. Kiti kikoje, kinalalaje, chakula wanaletaje, vikombe vya kioo au vya plastiki. Kila kitu, mama. Usiache hata kimoja."

"Kila kitu," mama akaahidi.

Wakafanya mazoezi nusu saa. Kitufe hiki kinanyanyua miguu, hiki kinalaza kiti chote. Hafidha alimchorea kwenye mgongo wa kopi yangu niliyoiharibu, bila kunilipa karatasi. Siku iliyofuata Yunusi alishusha gunia la karoti lumbesa mlangoni petu, limefura juu mpaka limeshonewa kofia, na nikala karoti wiki nzima huku nikiwa bado nimekasirika.

Bi Yustina aliondoka Jumatatu, tarehe kumi na saba. Jumanne Hafidha alikuja kazini mapema. Hakufanya la maana. Alifuta kioo cha kompyuta, akaiangalia simu, akafuta tena. Alikuwa amenunua daftari jipya, na kalamu juu yake. Nilimwona kama mtoto anayesubiri mama atoke sokoni, na nikamhurumia kwa jinsi alivyokuwa amejiandaa.

Simu iliita saa nne asubuhi. Akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama! Shikamoo. Umefika?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefika, na Happiness yupo hapa, anakusalimu sana."

"Ehe, nisimulie. Kiti?"

"Mwanangu, utanisamehe. Kiti sikijui."

"Hukijui vipi?"

"Nilikaa, yule binti mhudumu akabonyeza kama ulivyonichorea, mguu ukanyooka. Hakuna aliyeugonga. Nikasema nifumbe macho kidogo nisali. Basi. Wameniamsha tumeshatua. Ndege ya pili vilevile."

"Chakula?"

"Happiness anasema huwa wanaleta. Mimi sikukiona."

"Vikombe je, mama? Hata maji?"

"Nililala, Hafidha. Tangu nimevunjika sijalala vile, kila usiku mguu huniamsha mara tatu, mara nne. Nimekuja kote huku sijauona mwendo wako hata kidogo." Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa kuvunja chombo cha watu. "Ngoja basi, uji unataka kumwagika, ngoja nigeuze." Tukasikia mwiko ukigonga sufuria, na hatua zake, mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, zinakwenda na kurudi.

Hafidha alikuwa bado ameshika kalamu. Ukurasa ulikuwa mweupe. Kwenye kiti cha mteja alikuwepo kijana anayetaka kopi ya cheti cha kuzaliwa, naye akainamisha kichwa.

Kisha Hafidha akaanza kulia, na kucheka ndani ya kulia, kiganja mdomoni ili mama asisikie.

"Umesikia, Hamza?" akaninong'oneza. "Amesimama."